Ndoa ya Katekista

Jumapili ile majina yetu hayakusomwa.

Katibu wa parokia alisimama baada ya komunyo akatangaza yote yanayopaswa kutangazwa. Jumuiya ya Mtakatifu Monika watafagia kanisa. Aliyeokota rozari ya bluu airudishe kwa masista. Wenye mbuzi wakumbuke kwamba maua ya mbele ya sanamu ya Bikira Maria hayakupandwa kwa ajili ya mbuzi. Kisha akafika kwenye matangazo ya ndoa, nami nikatengeneza uso. Uso huo nilikuwa nimeufanyia mazoezi wiki nzima mbele ya sufuria iliyosuguliwa vizuri. Ulikuwa uso wa binti mnyenyekevu ambaye hakutegemea kabisa kutajwa mbele ya watu mia sita. Tulikuwa tumeshasomwa Jumapili mbili. Ukisomwa ya tatu bila mtu kuleta kizuizi, kinachobaki ni keki.

Akasoma jozi nne, wa mwisho wakiwa Glorious wa Mbuji na mchumba wake mwenye miguu mirefu. Akasema anayejua kizuizi chochote amwone Paroko. Akafunga daftari, akaketi.

Nilidhani ameruka ukurasa. Nilimkazia macho kutoka mstari wa mbele wa kwaya, kama mtu anayemkumbusha mwenzake kwamba zipu iko wazi. Yeye akatazama dari. Benchi zima la ndugu zangu likageuka kunitazama, na aliyegeuka wa kwanza ni shangazi Dorothy, dada yake baba, ambaye hakuwahi kuipenda posa ile. Alikuwa akisema mwanaume wa ziwani hajui hata ngolo ni nini, yale mashimo ya shambani ambayo Mmatengo hujifunza kuyachimba kabla hajajua kusali, na kwamba atamlisha binti yetu usipa, dagaa wa kwao, mpaka aote mapezi. Baba alikubali tu kwa sababu Tobias alikuja shambani kwetu Matiri akachimba ngolo wiki nzima. Alichimba vibaya sana, lakini alichimba.

Nikamtafuta Tobias. Alikuwa nyuma yangu upande wa besi, karibu na nguzo, mahali ambapo macho yetu yalikuwa na kawaida ya kukutana kila Padre alipogeuka. Mwaka mzima nilikuwa naliishi juma langu kwa ajili ya mtazamo ule mmoja. Leo alikuwa anatazama viatu vyake. Nikajua, kabla sijajua lolote, kwamba yeye anajua.

Niseme hapa tulivyoanza, maana sitapata nguvu ya kuyasema huko mbele. Parokia yetu ina watu wa kila upande, na siku ya matoleo kila kundi hupeleka mali yake altareni kwa ngoma yake. Sisi Wamatengo tunapeleka kahawa na maharage, Wangoni wanapeleka mahindi, na Wanyasa, ambao huku mlimani ni familia sita tu, wanapeleka usipa wakicheza mganda kwa hatua za kijeshi kana kwamba wanakwenda kumkamata Padre. Siku hiyo Tobias ndiye aliyebeba beseni. Lilipopita karibu na kwaya nilichomoa usipa mmoja nikautia mdomoni, kwa heshima zote, huku naimba sauti ya pili. Aliniona. Hakucheka wala hakukosea hatua. Baada ya misa alinisubiri getini, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwizi wa sadaka." Nilikuwa na majibu kwa kila mtu tangu nikiwa kidato cha kwanza kule bwenini kwa masista. Kwa mtu huyu sikuwa na jibu hata moja, na ndivyo nilivyojua kwamba nimekwisha.

Padre Nicolaus alituita ofisini wote wawili.

"Kaa, Otilia," alisema.

Padre ambaye siku zote hukuita "mtundu wa Bwana" akikuita kwa jina la ubatizo, ujue mambo si mazuri. Nilikaa. Mezani kulikuwa na cheti cha ubatizo cha Tobias, kile tulichokuwa tunakingoja kutoka parokia ya ziwani, ambacho kilichelewa hata Padre akaanza kututangaza kabla hakijafika, kwa kutuamini. Alikigeuza upande wa nyuma, mahali wanapoandika kipaimara na ndoa. Kipaimara kilikuwepo. Chini yake, kwa wino wa bluu na mwandiko wa mtu makini sana, palikuwa na mstari mwingine. Amefunga ndoa na Yuliana, kigango cha Ngumbo, mbele ya katekista Placidi na mashahidi wawili. Tarehe ilikuwa ya miaka saba iliyopita.

Nilicheka. Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kufanyia wenzangu mizaha, nikadhani hatimaye nao wamenifikia. Nilitafuta kwenye uso wa Padre ule mkunjo wa mtu anayezuia kicheko. Haukuwepo.

Tobias alieleza akiwa amesimama, mikono yake yenye madoa ya maganda ya kahawa ikiwa nyuma kama ya mwanafunzi. Yuliana alikuwa jirani yao. Walifundishwa komunyo ya kwanza pamoja. Alipofika miaka kumi na tisa aliugua hata akabaki mifupa, na zahanati ikawaambia wazazi wake wamrudishe nyumbani. Aliomba kitu kimoja, asife bila kuolewa, na aliyemtaka ni Tobias. Ilikuwa wiki ya pili ya Kwaresima, mvua imekata barabara, Padre yuko vigango vya mbali. Katekista Placidi akasimama miguuni pa kitanda na kitabu chake, akawauliza maswali, wakajibu. Watu wakalia. Wakaanza kuzungumza habari za mbao za jeneza.

"Siku ya tatu akaomba uji," Tobias alisema.

Kijiji kizima kiliimba. Walisema ni muujiza. Naye Tobias, aliyemwoa marehemu, akajikuta ana mke.

"Lakini Padre, watu wote walisema haihesabiki," alisema. "Walisema ile ni ndoa ya katekista tu. Hapakuwa na padre. Mimi niliamini hivyo. Ningejua, ningethubutu kuja kwako na Otilia?"

Padre Nicolaus alijibu taratibu, bila ukali, na ukali ungenisaidia zaidi. Alisema mtu akiwa katika hatari ya kufa na padre hapatikani, wawili wakikubaliana mbele ya mashahidi wawili, hiyo ni ndoa, sawa kabisa na ile ya kengele na maua. Alisema katekista Placidi, Mungu amrehemu, aliijua sheria kuliko kijiji kizima, ndiyo maana aliipeleka kitabuni. Mimi nilimsikiliza nikimchukia marehemu Placidi kwa mwandiko wake mzuri.

Kisha Padre akauliza swali lililobeba maisha yangu yote. Je, baada ya yule binti kupona, waliishi kama mke na mume? Kwa sababu kama hawakuishi, shauri linaweza kupelekwa mpaka Roma kwa Baba Mtakatifu, na ndoa ya namna hiyo inaweza kufunguliwa. Ingechukua miaka miwili, pengine mitatu. Lakini kama waliishi, mlango umefungwa mpaka mmoja wao afe.

"Hatukuishi, Padre," alisema Tobias.

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

Padre alijaza fomu, akaitia kwenye bahasha pamoja na barua, akaiweka kwenye kile kikapu cha barua za kutumwa. Kilichotakiwa sasa ni maelezo ya Yuliana mwenyewe, kwa maandishi, na mashahidi wawili. Akisema kama Tobias alivyosema, safari ya Roma inaanza.

Nje, Tobias alinishika mkono mbele ya vichanja vya kahawa ya parokia, mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nikamuuliza alikuwa aniambie lini. Akasema alikuwa anasahau. Kila akiniona alikuwa anasahau. Nilitaka kumpiga kwa sentensi ile na nilitaka airudie.

"Nisubiri," aliniambia. "Roma ni mbali, lakini siyo mbinguni."

Nyumbani baba hakugombana. Angegombana ningemjibu. Alikaa tu, akanyanyua jembe alilotumia Tobias, akalitazama, akalirudisha kwenye kona. Shangazi Dorothy ndiye aliyesema kwa niaba ya ukoo. Alisema ameshawatangazia watu wa Mbuji hadi Mbinga mjini, na sasa aende kuwaambia nini, kwamba bwana harusi ni mume wa mtu? Mama alinipakulia chakula mara mbili ya kawaida, nami nikakitazama mpaka kikapoa.

Barua ya kanisa hutembea kwa miguu ya kobe. Ingekwenda kwa parokia ya ziwani, ikae mezani kwa paroko, imsubiri katekista, katekista asubiri Jumapili. Mimi sikuwa na Jumapili za kutosha. Jumatano nilikwenda ofisini kufuta vumbi, kazi ambayo sijawahi kuipenda, na nilipotoka kikapu cha barua kilikuwa chepesi kidogo. Nikavaa sketi ya mama, miwani ya mchezo wa kuigiza wa Noeli na sura ya mwalimu wetu wa nidhamu. Mpango wangu ulikuwa mzuri sana. Nitakuwa karani wa takwimu za familia, nitamuuliza yule mwanamke maswali ishirini ya kuchosha, na katikati nitapenyeza lile moja. Hatajua hata amejibu nini. Nimewahi kuwafanya masista watie sahihi ombi la kupunguziwa maharage. Ningeshindwa na mwanamke mmoja wa Ngumbo?

Nililala Mbamba Bay kwa rafiki, na Alhamisi asubuhi pikipiki ikanishusha Ngumbo, karibu na kigango.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, anageuza usipa juu ya vichanja. Nilikuwa nimemwandaa kichwani kwa siku tatu. Mara alikuwa mnyonge anayekohoa, mara mzuri wa kutisha mwenye kucha ndefu. Alikuwa mwanamke mrefu wa kawaida, kitenge kimefungwa kiunoni, mabega yenye nguvu, afya tele. Afya ile ilinichoma kuliko uzuri. Nikasema, Tumsifu Yesu Kristo. Akasema, Milele amina, akanipa kigoda, akaendelea kugeuza samaki.

Nikafungua daftari. Nikamwambia kwa sauti ya ofisi kwamba Kanisa linahesabu watu wake. Akasema ni jambo jema. Nikamuuliza dini, akajibu. Sakramenti alizopokea, akazitaja, akaongeza mpako wa wagonjwa. Idadi ya watu katika kaya?

"Wawili. Mimi na mama mkwe. Ameenda jumuiya, atarudi sasa hivi."

Mama mkwe. Tobias aliniambia mama yake anatunzwa na dada yake. Niliandika namba mbili nikaikolezea wino.

"Hali ya ndoa?"

"Nimeolewa."

"Mume yupo?"

"Yupo."

"Wapi?"

"Matiri," alisema bila kuinua kichwa. "Anakoboa kahawa, anaimba besi, na anasubiri kukuoa wewe. Andika, mdogo wangu. Mbona kalamu imesimama?"

Sikumbuki nilifanya uso gani. Katika nyuso zote nilizonazo, huo sikuwa nao.

"Na hiyo miwani vua," aliendelea. "Haina vioo. Inzi amepita hapo katikati mara mbili."

Nikavua. Alicheka kidogo, si kwa ubaya, akaniambia wanawake wanaopeleka usipa soko la Mbinga walimletea jina langu kabla hata hatujasomwa mara ya pili. Walimwambia ni mfupi, ana mwanya, na ana maneno kama redio. Alitegemea nitakuja. Hakutegemea nitakuja na takwimu.

"Ninyi watu wa mlimani," alisema, "hata kuomba mume mnaomba kwa fomu."

Nilitaka kumchukia, na nilijitahidi. Lakini wingu lilikuwa linakuja kutoka upande wa Malawi, na anayejua kuanika kahawa haambiwi mara mbili. Nikainuka tukafunika vichanja pamoja, yeye upande huu na mimi upande ule, tukivuta turubai. Mikono yake ilikuwa inajua ya kwangu inaelekea wapi. Mvua ikapita mbali. Tukafunua tena. Akaniletea ugali wa muhogo na samaki aina ya mbasa, akakaa mbele yangu kunitazama nikila, kama dada mkubwa anayehakikisha mgonjwa amemaliza.

Nilimweleza basi, kwa mdomo wangu wa kweli. Nikatoa ile fomu niliyoichukua kikapuni, nikamwambia Padre alivyosema. Nikamwambia kinachotakiwa ni yeye aandike kwamba hawakuwahi kuishi pamoja, hata siku moja, kama ilivyokuwa.

Yuliana aliacha kusuuza sahani.

"Nani amesema ndivyo ilivyokuwa?"

"Tobias."

"Amekuambia wewe?"

"Amemwambia Padre. Mbele yangu."

Hakulia. Alionekana kama mtu anayepiga hesabu na jibu linakataa.

"Pasaka ile," alisema, "nilitembea kwa miguu yangu mpaka kigangoni. Nilimshika yeye mkono. Watu walipiga vigelegele mpaka misa ikasimama. Jioni ile nilihamia kwake, hapa, chumba hiki unachokiona mlango wake. Hatukumficha mtu. Tumekaa humo kama mke na mume tangu Pasaka mpaka Pentekoste."

"Siku hamsini," nilisema. Niliwahi kuwa wa kwanza darasani kwenye somo la dini.

"Siku hamsini. Jumatatu ya Pentekoste akasema anapanda mlimani kwenye msimu wa kahawa, atarudi Agosti, Bikira Maria akipalizwa. Sikumzuia. Alikuwa mwema kwangu siku zote hizo, Otilia. Mwema mpaka naogopa. Alikuwa ananitazama kama mtu anayetazama mgeni asiyeaga." Akafuta mikono kwenye kitenge. "Alimwahidi Mungu atakuwa mume wa mtu anayekufa. Hakuna aliyemwambia afanye nini na anayeishi."

Nikamuuliza kwa nini hakumfuata. Akasema alimfuata mara moja, mwaka wa pili, akafika mpaka Mbinga stendi, akajiona anavyowajulisha watu kuwa yeye ni mke wa mtu asiyemtaka, akapanda gari la kurudi. Akabaki na mama yake Tobias, kwa sababu mama hakuwa amemkosea.

Kisha akaniambia jambo ambalo lingenifurahisha kama dunia ingekuwa nzuri. Kule Mbamba Bay kuna fundi wa injini za boti, Steven, mjane. Amemwomba mara tatu amwoe. Naye Yuliana anampenda. Kila mara amemjibu kwamba ana mume.

"Kwa hiyo ukitaka kujua," alisema, "mimi pia hiyo Roma naitaka, kuliko wewe."

Akaingia ndani akatoka na kalamu yake mwenyewe, akaiweka juu ya fomu, akavisukuma vyote viwili mpaka magotini pangu.

"Mimi niliishia darasa la saba, na nimechoka. Wewe umesoma. Andika unavyoona, nitatia sahihi. Ukiandika hatukuishi, mimi nitakuwa wa Steven, wewe utakuwa wa Tobias, na Padre wenu atalala usingizi. Ukiandika tuliishi, basi tumebaki hivi tulivyo wote wanne mpaka kaburini. Sitakulaumu kwa lolote."

"Na wewe ungeandika nini?"

"Usiniulize mimi. Mimi nilishajibu swali moja kubwa maishani nikidhani nakufa. Hili jibu wewe."

Nilishika kalamu. Ndugu msomaji, mimi ninajua kuandika uongo. Nimeandika barua za wazazi wasiokuwepo na vyeti vya magonjwa yasiyojulikana kwa madaktari. Sentensi hii ilikuwa fupi kuliko zote. Maneno manne yangenitosha. Tobias alikuwa ameshayasema, na Yuliana alikuwa tayari kuyatia sahihi. Kwa uongo wangu wote wa zamani palikuwa na mtu wa kuumia, hata kama ni sista mmoja. Huu haukuwa na wa kumuumiza. Nilikaa nikitafuta anayeumia, nisimpate.

Nikamwaza Tobias. Nikamwaza ofisini, amesimama chini ya msalaba wa ukutani, anaulizwa hata siku moja, na anajibu bila kumeza mate. Siku hamsini, chumba, mwanamke aliyetembea mara ya kwanza kwa kumshika mkono, vyote alivikunja akavitia mfukoni mbele ya macho yangu, kwa ajili yangu. Hapo ndipo paliponiuma. Alifanya kwa ajili yangu. Na mimi nilimtazama siku ile nikaona uso wa mtu mkweli, uleule ninaouona kila Jumapili karibu na nguzo. Ningeishi naye miaka arobaini nikiutazama uso ule, nisijue ni siku zangu zipi ameshazikunja.

Nisiseme niliandika kwa utakatifu. Niliandika kwa hasira, na kwa wivu wa zile siku hamsini, na kwa kuwa mkono wangu ulikataa kuandika jingine. Nilimpenda bado. Nilikuwa nampenda kila herufi.

*Mimi Yuliana naeleza kwamba baada ya kupona niliishi na mume wangu Tobias kama mke na mume, nyumbani kwake, Ngumbo, tangu Pasaka hadi Pentekoste.*

Yuliana aliisoma polepole kwa kidole. Alipofika mwisho alifumba macho kidogo, na nikaona fundi wa Mbamba Bay akizama usoni mwake, taratibu, kama kitu kizito. Akatia sahihi.

Mama Lidia, mama yake Tobias, akaingia na rozari yake shingoni. Nikapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa parokiani?"

Nikasema ndimi. Yuliana akamwambia kuna karatasi ya Kanisa inataka mashahidi. Mama akaketi, akaitazama karatasi kama mtu anayetazama dirisha la nyumba ya jirani, kwa adabu, bila kuona ndani.

"Sikusoma mimi," alisema. "Unisomee, mwanangu, kama ilivyoandikwa."

Hata hapo bado ningeweza. Nikamsomea kama ilivyoandikwa. Mama aliitikia kwa kichwa kila mstari, akafurahi kabisa. Akasema ni kweli tupu, yeye alikuwa chumba cha pili, alimpikia mkwe wake supu ya kuku siku zote zile. Akasema afadhali Kanisa limeuliza, maana watu walikuwa wanasema ovyo, na sasa mwanawe ataitwa arudi nyumbani kwa mke wake. Akaniombea na mimi nipate mume mwema. Nikaitikia amina.

Akapaka wino wa kalamu kwenye dole gumba, akalibonyeza chini ya jina nililomwandikia. Ikabaki nafasi moja. Yuliana alichungulia uani, akatazama njia, akanigeukia.

"Hakuna mwingine," alisema. "Ni wewe."

Tangu Januari nilikuwa nimejaza kurasa za nyuma za daftari langu la kwaya kwa sahihi mpya, yenye jina lake mwishoni na mkia mrefu unaozunguka chini, ile ya kuweka kwenye kitabu cha ndoa siku Tobias atakaponipa kalamu. Nilishaifanyia mazoezi mpaka inatoka bila kufikiri, na hata sasa mkono ulitaka kuanza nayo. Nikauzuia. Nikaandika Otilia Meinrad Kapinga, kwa mwandiko wa shule, bila mkia, mahali palipoandikwa shahidi wa pili.